Barabara Iliyochorwa Upande wa Wanawake

Yasuhei Minegishi hakuwahi kumchungulia mwanamke yeyote. Liandikwe hilo kwanza, kwa kuwa mtaani Senju bado wapo watu, wengine wamezaliwa baada ya mambo yenyewe, wanaosema kwamba mwenye hamamu ya Matsunoyu aliponzwa na macho yake. Hakuponzwa na macho. Kwa miaka yote aliyokaa mahali ambapo mwanamume mwingine angeyatoa macho nje kama kaa, yake yalibaki safi. Aliyoyafanya aliyafanya, na yatasemwa hapa kama yalivyokuwa, maana mwenyewe aliyasimulia uzeeni bila kujitetea, huku akimenya figili. Lakini hilo la kuchungulia ni uongo, na walioueneza walikuwa wakioga kwa maji aliyoyachemsha yeye.

Alizaliwa Gunma, mtoto wa tatu wa kiume wa wafugaji wa nondo wa hariri, jina la ukoo Kurata. Shamba la miforosadi, miti ya kulisha nondo hao, lilikuwa la kaka mkubwa, na wa pili alishapata kazi ya reli. Wa tatu alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa, asiye na fungu. Mzee Kanematsu Minegishi wa Matsunoyu naye alikuwa na hamamu, na bomba la moshi linaloonekana kutoka kituo cha treni, na binti mmoja tu, Sawako, aliyemaliza sekondari ya wasichana na kusoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Mshenga akawaleta pamoja. Yasuhei akaacha jina la Kurata, akaingia nyumba ya mkewe na kuchukua jina lao, kama wafanyavyo watu wa huko ukoo unapokosa mtoto wa kiume. Watani walisema Yasuhei hakuoa, ameolewa. Yeye alicheka nao, akaenda kupasua kuni.

Kazi ya kizimbani alifundishwa na mkwewe. Kizimba ni kile kiti cha juu mlangoni, katikati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake. Anayekaa hapo hupokea ada ya kuoga mkono huu na mkono huu, huuza sabuni na kuazima taulo, na uso wake huelekea ndani, kwenye vyumba vyote viwili vya kuvulia nguo, na kupitia milango ya vioo mpaka kwenye mabwawa ya maji moto na ukuta wa mwisho wenye picha.

"Tazama viungo," Mzee Kanematsu alimwambia siku ya kwanza. "Mwizi ni mkono. Mtoto anayeteleza ni mguu. Mzee anayetaka kuzimia ni shingo. Mtu mzima mzima, wa kichwa mpaka kidole, hayumo humu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

Na kweli alielewa. Mzee alipofariki, wanawake wa mtaa walimsifu Yasuhei kuliko hata marehemu. Walivua na kuvaa mbele yake huku wakimwuliza habari za binti yake Michiyo, kama vile wangemwuliza kabati. Wanaume ndio waliokuwa na maneno.

"Bwana Yasuhei," alisema mshona viatu mmoja wa kiwandani, kila alipolipa, "tubadilishane kazi leo tu. Wewe nenda ukavute harufu ya gundi, mie nikae hapo juu."

"Haya. Lakini kazi inaanza asubuhi, kuzibua mifereji iliyoziba nywele. Za mama mkwe wako zikiwemo."

"Basi, basi! Baki nayo!"

Hayo ndiyo maisha aliyoishi, na kwa miaka mingi hakuyaonea kasoro. Asubuhi alikwenda na mkokoteni kuchukua mbao za nyumba zilizobomolewa, akazing'oa misumari, akawasha boila. Akasugua vigae kwa brashi, kimoja baada ya kingine, na mabeseni, na sakafu. Saa tisa alasiri akalitundika pazia la bluu mlangoni, na nje alikuwa tayari amesimama Mzee Gensuke, mwezekaji mapaa mstaafu, taulo kichwani, anayetaka maji ya kwanza kabla hayajaguswa na mtu.

"Ya moto leo?"

"Kama jana, mzee."

Kisha, alipofika miaka arobaini na kitu, kitu fulani kilimwingia. Hakikuwa maumivu. Chakula kilikuwa chakula lakini hakikuwa na sababu. Akiwa amelala alitaka kuamka, akiamka alitaka kulala, akiketi kizimbani goti lake la kulia lilicheza lenyewe mpaka sarafu zikagongana kwenye sahani. Alishuka kuangalia moto ambao alikuwa ametoka kuuangalia. Alipanda tena. Alifungua droo ya sabuni, akaifunga. Saa ya ukutani alianza kuichukia hasa inapokaribia saa tisa, kwa namna ilivyokuwa na hakika. Na Mzee Gensuke alipouliza kama maji ni ya moto, Yasuhei alisikia ulimi wake ukitoa jibu lile lile kabla yeye hajaamua kujibu, na mgongo ukamsisimka.

Sawako alimpeleka kwa daktari. Au tuseme alimwambia aende, akamwekea nguo safi, na alipoona zimekaa palepale akamvalisha koti yeye mwenyewe. Jioni walipokula aliuliza.

"Kasemaje?"

"Ini zima. Moyo mzima. Kasema ni kentai."

Sawako aliviweka vijiti vyake chini. "Kentai?"

"Ndivyo alivyosema. Kaniandikia na dawa ya usingizi."

"Anajua maana yake, huyo? Hilo ni kuchoka na kuchoshwa kwa pamoja, mtu kuona kila kitu ni kile kile. Ni neno la watu wasio na kazi, Baba Michiyo. Washairi. Wake wa matajiri. Wewe umeng'oa misumari tangu asubuhi."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

"Akajibuje?"

"Kasema misumari haizuii."

Lipo jambo ambalo Sawako hakulisema, ingawa mumewe alilijua sawasawa na yeye. Magazeti ya wanawake, yale yaliyosahaulika kila siku kwenye vikapu vya nguo, yalikuwa yamelishika neno hilo na kulipachika kwenye ndoa. Ni kile kipindi, yaliandika, ambapo mume na mke wametazamana mpaka hawaonani tena. Yaliweka na michoro: mwanamume nyuma ya gazeti, mwanamke anapiga mwayo. Wateja waliyasoma kwa sauti na kuchekana. Sawako Minegishi hakuwa tayari kuchekwa katika hamamu iliyojengwa na babu yake.

"Neno hilo lisitoke nje ya mlango huu," alisema.

"Halitatoka."

Halikutoka.

Mwaka huo mchoraji Ozeki alikuja kupaka picha upya, kama kawaida yake, siku ya mapumziko, maana kazi ile lazima ianze na kuisha mabwawa yakiwa matupu. Upande wa wanaume ni mlima Fuji, hilo halina mjadala. Upande wa wanawake mwenye hamamu huchagua.

"Mama, upande wa pili tuweke nini?" aliuliza Ozeki, tayari amepanda juu ya ubao.

"Ziwa," alisema Sawako. "La utulivu."

Ozeki alichora ziwa, na misonobari, na kilima upande wa kushoto. Rangi ya kahawia ikambakia kidogo mkebeni. Hakupenda kuirudisha nyumbani, kwa hiyo akavuta barabara moja kutoka ufukweni, ikapita kati ya miti, ikapanda, ikazunguka nyuma ya kilima na kupotea.

Yasuhei ndiye aliyekuwa amemshikia ubao.

"Inakwenda wapi?"

"Nini?"

"Hiyo barabara."

Ozeki akacheka, akapiga mluzi. "Inakwenda mpaka rangi ilipoishia, kaka. Nishikie vizuri, nitaanguka."

Alianza kuitazama siku ya pili yake. Hakukusudia. Kutoka kizimbani, macho yakipita mlango wa kioo upande wa wanawake, yanafika moja kwa moja kwenye kile kilima. Mwanzoni alijiuliza tu kama nyuma yake pana kijiji. Baadaye akaona hapana, kijiji kingekuwa na moshi. Labda pana daraja. Labda njia inagawanyika. Akatembea. Akiwa amekaa, mkono wa kushoto ukipokea sarafu za wanawake na wa kulia za wanaume, Yasuhei alikuwa akipanda ile njia kati ya misonobari, na kila mara alipofika kwenye kona kuna mtu alimwomba sabuni. Alirudishwa. Akaanza tena ufukweni. Goti lilicheza kuliko mwanzo. Alimpa wembe mwanamke mmoja aliyeomba shampuu. Alirudisha chenji kubwa kuliko pesa aliyopewa. Kuna siku alisahau kutundika pazia, na Mzee Gensuke akabisha hodi mlangoni kama mgeni, amekasirika hasa.

Chini ya ile barabara, kwenye bomba la pembeni lisilofikiwa na upepo wa mlango, ndipo alipoketi siku zote Mama Hirabe, mke wa mwuza mchele na mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa mtaa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na kwa haki yake, mkubwa wa roho pia; msiba haukupita kwake bila sufuria la chakula. Siku moja alijigeuza kuchukua beseni, akaona macho ya mtu wa kizimbani yamemganda. Akajimwagia maji, akageuka tena. Bado yapo palepale. Akainuka na kujifunga taulo, akasukuma mlango wa kioo.

"Bwana Yasuhei! Unaangalia nini?"

Yasuhei alikuwa karibu kabisa na ile kona. Alishtuka kama mtu aliyevutwa blanketi.

"Ukuta," alisema.

"Ukuta! Mgongo wangu ndio umegeuka ukuta siku hizi?"

"Upana unao, mama," alisema msichana mmoja wa kiwandani aliyekuwa akichana nywele. "Usimlaumu."

Wanawake walicheka. Hata upande wa pili wanaume walicheka, kwa kuwa kiambaza kinachotenga pande mbili hakifiki darini na hakuna neno linalosemwa upande mmoja lisisikike mwingine. Lau wasingecheka, yangeishia pale. Mama Hirabe alivaa bila kujikausha vizuri, akatoka na nywele zinachuruzika.

Juma lililofuata, wanawake walianza kubeba mabeseni yao kuvuka reli kwenda hamamu nyingine. Si wote. Lakini waliobaki walivaa wakiwa wamegeukia kabati, na wale waliokuwa wakimwuliza Yasuhei habari za Michiyo hawakuuliza tena. Mshona viatu alilipa bila kuomba kubadilishana kazi. Hilo lilimwumiza Yasuhei kuliko yote.

Kisha wakaja wageni. Mama Hirabe na Bwana Shimozato, mwenyekiti wa mtaa, wamevaa nguo za kutokea, na sanduku la maandazi ya maharage matamu lililofungwa kwa kitambaa. Sawako aliwakaribisha chumba cha mbele. Yasuhei alikaa chumba cha pili, nyuma ya mlango wa karatasi, akisikia kila kitu.

Bwana Shimozato alizungumza kuhusu mvua. Alizungumza kuhusu bei ya mbao. Alisifu kinyago cha paka kilichokuwa rafuni. Mwishowe Mama Hirabe akachoka kumsubiri.

"Dada Sawako, mimi sina ugomvi na wewe. Baba yako alinishika mkono nikiwa mtoto, nisizame kwenye bwawa hili hili. Lakini wanawake wanaona haya. Mwondoe kizimbani."

"Nikimwondoa, nitakuwa nimesema alifanya."

"Basi," Bwana Shimozato alikohoa, "ipo njia nyingine, ya heshima. Yeye si damu ya hapa. Waume walioingia nyumba hurudishwa kwao, imetokea, jina linafutwa kimyakimya, na kila mtu anabaki na lake. Binti yenu ameshakuwa mkubwa."

Nyuma ya karatasi, Yasuhei aliitazama mikono yake. Gunma nyumba ilikuwa ya mpwa wake sasa. Miforosadi ilishang'olewa. Asingekuwa Kurata wala Minegishi. Angekuwa mtu aliyerudishwa, kama kitambaa chenye doa. Na jambo lililomtisha ni kwamba, kando ya aibu, palikuwa na sehemu ndogo ndani yake iliyoinua kichwa na kuuliza: treni ya saa ngapi?

"Baba Michiyo," Sawako aliita. "Njoo."

Alitelezesha mlango, akapiga magoti mkekani.

"Waambie ulichokuwa ukitazama."

Angeweza kusema. Barabara, neno moja. Lakini baada ya neno hilo lingefuata swali, mtu mzima ana shida gani na barabara ya rangi, na baada ya swali hakukuwa na jibu isipokuwa lile aliloapa halitatoka. Angekuwa amewaambia watu baki kwamba ameichoka nyumba iliyompa jina, mbele ya mwenye nyumba. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nimewasumbua sana. Naomba radhi."

Huko kwao mtu huanza hivyo, hata kama amekanyagwa yeye. Ni kama kubisha hodi kabla ya kusema lililokuleta. Shida ni kwamba Yasuhei alibisha hodi na hakuingia. Alibaki ameinama, na wageni wawili wakatazamana, na ile radhi ikawa ungamo.

"Ahaa," alisema Mama Hirabe taratibu, bila furaha.

Sawako akainuka. "Nyumba hii itajibu kesho," alisema. Aliwasindikiza mpaka mlangoni na kuwarudishia sanduku lao la maandazi, halijafunguliwa. Bwana Shimozato alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa paka aliyekufa.

Asubuhi Yasuhei alipoingia na brashi na ndoo, alimkuta mkewe ameketi kizimbani. Alikuwa amekaa pale mara nyingi, kupokezana naye, lakini sasa hapakuwa na mteja, pazia limekunjwa, mabwawa yanapumua mvuke wa kwanza. Alikuwa ametazama mbele. Hakugeuka.

"Pale ndipo anapoketi Mama Hirabe," alisema. "Bomba la mwisho."

"Ndiyo."

"Na barabara iko juu yake."

Yasuhei akaweka ndoo chini.

"Inakwenda wapi?" aliuliza Sawako.

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe."

 Boila ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ulisema neno lisitoke mlangoni."

Sawako akasogeza sahani ya sarafu pembeni. Kisha akauliza lile ambalo mwanamke mwingine angeliuliza siku ya daktari.

"Umenichoka?"

"Nimeichoka saa tisa," alisema Yasuhei. "Inakuja kila siku. Nikiisikia tu inakaribia nataka kukimbia, na miguu haijui pa kwenda, basi inacheza. Nawe umo ndani ya saa tisa. Na pazia limo. Na Mzee Gensuke. Sijui namna ya kukutoa wewe nibakize hayo mengine."

"Yaani ndiyo."

"Yaani ndiyo. Lakini si kama unavyolisikia."

"Nalisikia kama lilivyo." Akashuka ngazi za kizimba, akashika nguzo kidogo, akajinyoosha. "Unataka kwenda?"

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayetaka."

"Nikienda sasa, watasema nimekimbia aibu. Na wewe utabaki na jina la mke wa mchunguliaji."

"Ndiyo maana huendi leo," alisema Sawako. "Sugua vigae."

Alasiri hiyo watu walikuwa wengi. Habari zilikuwa zimesambaa kwamba Matsunoyu itatoa jibu, na wanawake waliokuwa wamehamia ng'ambo ya reli wakakumbuka ghafla kwamba maji ya huku ni laini zaidi. Sawako alikuwa kizimbani, amevaa kimono cha kijivu cha mama yake. Yasuhei alikuwa nyuma, kwenye moto. Ilipofika wakati wa kupima joto la maji aliingia upande wa wanaume kwa mlango mdogo, akapiga goti ukingoni mwa bwawa na kutumbukiza mkono. Wanaume walisogea mbali naye kidogo. Mlima Fuji ulikuwa juu yao wote.

Sawako alikuwa ameshuka na kuingia kwa wanawake; sauti yake ikaja kutoka upande wa pili, juu ya kiambaza. Hakupaza. Alizungumza kama anayesoma mbele ya darasa.

"Mama Hirabe, mlitaka jibu. Mume wangu hakukutazama wewe. Alitazama barabara iliyochorwa juu ya kichwa chako. Anaitazama kwa sababu amechoka. Daktari ameiita kentai; mnalijua neno, mmelisoma humu humu na kucheka. Ameichoka hamamu hii, na kuni, na sabuni, na mimi. Mimi mke wake nimemchosha. Haya, hilo ni la kwenda kusema, na mkaliseme, lakini mlibebe lilivyo, msilipunguze. Amechoka, hachungulii. Mtu aliyechoka kiasi hicho hana nguvu za kukuchungulia."

Mabomba yalifungwa moja moja. Upande wa wanaume hakuna aliyejisugua. Yasuhei alikuwa bado na mkono ndani ya maji, na maji yalikuwa ya moto mno, na hakuutoa.

Kisha akasikika Mama Hirabe, sauti yake imepungua nusu.

"Kwa hiyo... hakunitazama kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kidogo?"

"Ulikuwa unamzibia ziwa."

Bibi mmoja mzee, mwenye duka la tofu, akasema kwa raha yake kutoka kwenye maji: "Wangu mimi alichoka mwaka wa tatu. Lakini mie nilikuwa nimeshachoka wa pili, sikuona tofauti."

Walicheka. Kilikuwa kicheko kingine, si kile cha msichana wa kiwandani. Kilizunguka darini na kuangukia upande wa wanaume, na huko mmoja mmoja akaanza kutabasamu huku akimtazama Yasuhei kwa wizi. Mzee Gensuke, maji mpaka kidevuni, hakutabasamu.

"Yasuhei," alisema. "Humu ndani sote tuko uchi. Lakini mkeo leo katushinda."

"Nimesikia, mzee."

"Basi toa mkono. Unaungua."

Aliutoa, mwekundu kama kaa aliyechemshwa, akaenda nyuma kwenye moto. Alilia huko au hakulia, moshi wa mbao zenye rangi ya zamani huliza kila mtu.

Asubuhi yake alikuta mfuko umewekwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Shati, soksi, wembe, lile koti. Sawako alikuwa akiosha mchele.

"Sasa unaweza kwenda," alisema bila kuinua kichwa. "Hakuna atakayesema umekimbia. Watasema umechoka."

"Na wewe watakusemaje?"

"Wameshasema. Jana nzima."

"Na kuni?"

"Mshona viatu ana mdogo wake hana kazi. Baba Michiyo, nisikilize. Ukikaa kwa sababu ya nilichosema jana, utakuwa umekaa kama mdaiwa, na mimi sitaki mdaiwa mezani kwangu. Nenda. Ukirudi, rudi kwa kuwa unataka kurudi. Usiporudi, andika, nilifute jina mimi mwenyewe, si Shimozato."

Alivaa viatu. Alifunga kamba, akazifungua, akazifunga upya. Alitaka kusema neno la shukrani, lakini alilolijua lilikuwa lile lile la kuomba radhi kwa usumbufu, na hilo alikwisha kuliharibu. Akachukua mfuko. Alipopita mbele, pazia lilikuwa halijatundikwa, na mlango wa Matsunoyu ulionekana kama mlango wa nyumba yoyote.

Siku hiyo Sawako alilitundika pazia saa tisa, akapanda kizimbani na kupokea ada mkono huu na mkono huu. Mama Hirabe alikuja, akaweka sarafu zake, akasimama.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Utaweza peke yako?"

"Sabuni unataka au hutaki, Mama Hirabe?"

Alichukua sabuni. Jioni alileta sufuria la chakula, kama anavyofanya kwenye msiba, na Sawako akalipokea.

Yasuhei alirudi majani ya miti yakianza kuwa mekundu. Aliingia kwa mlango wa nyuma asubuhi, amekonda, ameungua jua, akachukua brashi mahali ilipokuwa akaanza kusugua. Mkewe alimkuta hivyo. Aliishi Matsunoyu na kufia Matsunoyu akiwa Minegishi, baada ya kukaa kizimbani mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Kama kile kitu kilimtoka kabisa au alijifunza tu kukaa nacho, asingeweza kukuambia. Goti lilikuwa likicheza mara mojamoja, na mkewe alipoliona alimwambia ashuke akanyooshe miguu, naye akashuka.

Wapo wanaosema alikuwa na mwanamke Nagano. Wapo wanaosema alilala vituoni kama ombaomba. Alikokuwa alimwambia mkewe peke yake, asubuhi ile ile, brashi ingali mkononi, na mkewe akamjibu. Waliyoambiana hayaandikwi hapa, na anayekuja mlangoni kuyauliza ataambiwa kwamba hamamu imefungwa.